Minana wa Kivukoni

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuamia ndege. Bibi alinijengea dungu kando ya jaruba letu, Ifakara, akanipa debe bovu la kugonga. Kombeo nilijisukia mwenyewe kwa katani, na nilikuwa na shabaha.

Siku moja alinituma kivukoni nikauze mihogo. Daraja la Magufuli, lililofunguliwa 2018, lilikuwa bado halijaotwa na mtu. Mto Kilombero tuliuvuka kwa pantoni, na foleni ya magari ndiyo iliyokuwa soko letu. Kwenye foleni hiyo mzee mmoja alisimama kando ya Land Rover, darubini machoni, akitazama matete. Nikamwamkia. Badala ya kununua mihogo akanivisha darubini yake shingoni.

Nikamwona mnana dume, wa manjano, uso mweusi, ananing'inia kichwa chini akisuka kiota juu ya maji. Kumbe ana macho! Sikuwahi kumwona kwa karibu akiwa hai.

"Asubuhi nimeangusha watatu," nikajigamba.

Hakunigombeza. Alisema huyo si mnana wa kila mahali. Wanasayansi walimwandika rasmi 1990 tu, na duniani kote anaishi bonde hili peke yake, kwenye matete haya tunayoyachoma kiangazi na kuyafyeka tupate majaruba. Nilidhani ananitania. Ndege tunayemfukuza kwa debe kila siku, awe adimu? Ilinichukua miaka kuelewa kwamba anaweza kujaa kwetu na asiwepo kwingine kokote.

Hata hivyo, kesho yake nilipanda dunguni nimeapa kupiga kwelea kwelea tu. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mwenye manjano ya kung'aa ni dume; jike ana kahawia na michirizi, na kwa macho yangu hakuwa na tofauti na kwelea. Kundi likashuka mpungani. Bibi akaita kutoka bandani, "Wewe mjukuu wangu, umelala?"

Nikaweka kombeo chini, nikagonga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Ndege wakahamia shamba la jirani. Jioni jirani alikuja kumuuliza Bibi kama mtoto wake anaamia au anapiga ngoma ya harusi.