Siku nzima nikigombana na rangi ya mstari

Saa 2 asubuhi. Nafungua kompyuta, nakuta ujumbe kutoka kwa mtu anayetumia maktaba yetu ya kuchora grafu (msimbo ulio tayari ambao wengine huutumia ndani ya programu zao): "Habari za kazi. Nimeweka mtindo wa giza kwenye grafu moja tu, mbona zote zilizofuata kwenye ripoti zimekuwa nyeusi?" Kosa langu hilo. Mtindo ukishawekwa unakaa mpaka programu izimwe, na niliuacha hivyo kwa uvivu, nikijiambia nitarudi. Haya, nimerudi.

Saa 3. Karatasi kwanza, msimbo baadaye. Rangi ya mstari inaweza kutajwa mahali panne: kwenye chaguo-msingi za maktaba (zinazotumika usiposema lolote), kwenye faili la mtindo, kwenye faili la pili lililowekwa juu ya la kwanza, na kwenye amri yenyewe ya kuchora. Nani ana kauli ya mwisho? Naamua: anayesema baadaye ndiye anayesikilizwa. Hata matplotlib, maktaba ya grafu ya lugha ya Python, ukiipa orodha ya mitindo, unaokuja baadaye huufuta uliotangulia. CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa za wavuti, huongeza hesabu ya uzito wa kila kanuni, na hapo nimekimbia. Mtu aliyekuja kuchora mistari miwili asipewe mtihani wa hesabu.

Saa 5. Muundo wa faili: jina, nukta mbili, thamani. Rahisi, mpaka ukutane na alama ya reli. Inaanzisha maelezo, yaani maneno ya kumsaidia binadamu ambayo programu huyaruka, na rangi nazo huanza nayo, kama #1f77b4. Msomaji wangu wa faili amekata rangi zote akidhani ni maelezo! Sasa reli ni maelezo ikiwa tu imeanza mstari. Hasara yake, huwezi kuweka maelezo pembeni ya thamani. Nimeikubali.

Saa 7. Mapumziko.

Saa 8 mchana. Mwenzangu anataka folda ya kuhifadhia picha nayo iandikwe kwenye faili la mtindo. "Kaka, si yote ni mipangilio?" Hapana. Ukichukua mtindo wa mtu mwingine, ubadilishe sura ya grafu, si mahali faili zako zinapokwenda. Tumekubaliana: mpangilio usiohusu sura unapuuzwa na onyo linatolewa. Ila kwenye ukubwa wa picha amenishinda. Mimi nilisema si mtindo. Yeye akapunguza picha nusu, akaacha fonti ya pointi 10, herufi zikajaa kila mahali. Pointi ni 1/72 ya inchi, haijui picha imepungua. Basi ukubwa na fonti vikae faili moja.

Saa 10. Sasa lile la asubuhi. Natengeneza bloku ya mtindo wa muda, yaani kipande cha msimbo ambacho mtindo unafanya kazi ndani yake tu: tunza mipangilio ya zamani, weka mipya, ukitoka rudisha, hata kama kosa limetokea katikati. Najaribu, rangi bado zinavuja! Nimehangaika karibu saa nzima. Nakala yangu ilikuwa ya juujuu: orodha ya rangi ilikuwa ileile moja, kwa hiyo aliyeongeza rangi ndani ya bloku aliiongeza na kwenye "nakala" yangu. Nanakili mpaka ndani, kimya. Likabaki swali gumu zaidi: grafu imeundwa ndani ya bloku lakini inachorwa baada ya kutoka, ivae mtindo upi? Nimechagua uliokuwepo ilipoundwa. Kila mstari unachukua rangi yake unapozaliwa na kuondoka nayo.

Saa 12 jioni. Majaribio ya kulinganisha picha, pikseli kwa pikseli. Zote zimepita isipokuwa 3, na kwa hizo tatu mashine ya majaribio haina fonti niliyotaja, imeweka nyingine bila kusema neno. Naongeza onyo, namjibu yule mtu wa asubuhi, nazima.