Siku moja maishani mwangu: nakaanga sato Bulabo

Mwaka mzima kibanda changu cha chakula kiko Igoma, na wateja wangu ni mafundi gereji, madereva na wanafunzi. Ikifika Juni masika yameshakatika, watu wamevuna, njia za vijijini zimekauka, na Wasukuma wanaanza kucheza. Hapo ndipo ninapofunga kibanda kwa siku kadhaa na kuhamishia jiko Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma za Kisukuma. Wateja wangu wengi wamezaliwa Mwanza hapa hapa na hawajawahi kufika. Kiangazi chao ni ufukweni, nyama choma na mpira. Sina ubaya na hayo, ila inaniuma kuona mtu anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama kitu ambacho jirani yangu wa Nyakato angekifikia kwa daladala moja. Kwa hiyo nawaandikia siku yangu ya sikukuu, kuanzia alfajiri.

Saa 10 alfajiri, Kirumba

Mwaloni panakuwa pameshachangamka. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja, wabebaji wanapita na ndoo kichwani wakipaza sauti "njia! njia!", na ukizubaa unalowa. Kama ni siku za giza, mitumbwi ya dagaa nayo inarudi na taa zake. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa huadimika, kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti tena. Mimi sitafuti dagaa. Natafuta sato wa sahani, mmoja wa kumtosha mtu mmoja, ambaye mkia wake unagusa ukingo wa sahani.

Sato hachaguliwi kwa macho peke yake. Kwanza namwinua shavu, matamvua yawe mekundu ya kung'aa. Yakishakuwa ya kahawia, namrudisha. Kisha nabonyeza nyama ya mgongo kwa kidole gumba. Ikibaki na shimo, huyo amelala kwenye barafu siku nyingi. Jicho liwe limetuna, lisiwe na ukungu. Na aliye chini ya sentimita 25 simchukui. Sheria inamkataza, na hata isingemkataza, huyo huenda bado hajazaa. Siku hizi sato wengi wanatoka kwenye vizimba, na ni wazuri, lakini siku ya Bulabo namtaka aliyevuliwa kwa nyavu. Nyama yake imekaza, haimeguki kwenye karai.

"Dada, hawa wametoka majini sasa hivi."

"Nimeona, kaka. Nipunguzie basi, leo naenda Bulabo."

"Wewe upande gani?"

"Baba yangu Mgika."

"Basi lipa bei kamili. Sisi kwetu Bagalu." Halafu akaniongezea sato mmoja juu ya mzigo. Ndivyo ilivyo kwa Wasukuma wa ngoma: utani wa pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, unaanzia sokoni, hata kabla jua halijachomoza.

Saa 12 asubuhi, nyumbani Igoma

Mdogo wangu anapaa magamba, mimi napasua, natoa matumbo na matamvua, namchanja kila ubavu. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu, basi. Sipaki unga wala rangi. Mama yetu alianza jana yake kuloweka nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo tunayapika na karanga. Vijana wa mjini wanakuja kwa ajili ya sato, wazee wanakuja kwa ajili ya nsansa. Saa 1 na nusu kirikuu inafika, tunapakia majiko, mkaa, karai, deli la samaki, sufuria za ugali, meza na benchi.

Anayekwenda bila mizigo, njia ni rahisi: panda daladala za Kisesa pale Buzuruga, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Ni kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Shuka Kisesa, kisha chukua bodaboda mpaka Bujora, au tembea, si mbali. Vaa viatu vya kufunika, kwa sababu vumbi la Juni halina huruma, na beba kofia.

Saa 3 asubuhi, Bujora

Tunapanga meza huku misa inaendelea. Bulabo imefungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo hufuata Pasaka, hivyo tarehe yake huhama mwaka hadi mwaka. Watu wanaandamana na Ekaristi huku wakitandaza maua njiani, na ngoma ziko humo humo kwenye maandamano. Mgeni anayefika mara ya kwanza hushangaa kuona ngoma za jadi na padri mahali pamoja. Aliyeziweka pamoja ni Padri David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi Bujora tangu miaka ya 1950. Nyakati zile viongozi wengi wa dini waliwaambia waumini waachane na ngoma. Yeye alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, akajenga kanisa la duara lenye alama za utemi wa Kisukuma, na pembeni yake ikaanzishwa makumbusho ya Wasukuma.

Nikipata nafasi kabla ya wateja huwa nampeleka mdogo wangu ndani ya makumbusho. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za kifalme zilizokusanywa kutoka tawala za zamani, kuna nyumba ya mhunzi. Mwaka huu hatukufika, foleni ya chai ilianza mapema.

Saa 6 mchana

Hapa sina la kueleza zaidi ya moto. Mafuta yakishachemka unamlaza sato kwa kumtelezesha kutoka ukingoni mwa karai, mkia ukitangulia, ili yasikurukie. Humgusi mpaka upande wa chini umejishika wenyewe. Ukimgeuza kwa haraka, ngozi inabaki kwenye karai na mteja anapata mifupa. Mdogo wangu anasonga ugali wa dona, binamu anapokea pesa. Wengi wanalipa kwa lipa namba, lakini mtandao ukielemewa na watu unagoma, kwa hiyo njoo na noti mfukoni.

Bibi mmoja wa Magu alikaa kwenye benchi letu muda mrefu kuliko wote. "Mwadila, mayu," nikamsalimu, akaitikia, kisha akaomba nsansa peke yake. Alisema usichana wake walikuja kwa miguu, wakilala njiani kwa ndugu, na mashindano yakichukua siku kadhaa bila kundi lolote kukubali kushindwa. Nilimuuliza leo atasimama upande gani. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mama yake. "Bagalu, mwanangu. Nani asiyejua?"

Saa 8 mchana

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba pande hizo zilitokana na waganga wawili waliobishana nani ana dawa kali zaidi, Ngika na Gumha, na wakaamua ubishi wao kwa ngoma. Mpaka leo kundi la ngoma lina upande wake. Siku ya mashindano makundi mawili yanawekwa uwanja mmoja, kila moja na duara lake, na yanacheza wakati mmoja. Sio hili limalize ndipo lile lianze. Yanacheza pamoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kura yako ni mahali ulipokanyaga.

Kwa hiyo kila kiongozi wa kundi, yaani manju, anafanya kazi mbili: anaimbisha watu wake na anauchungulia umati wa mwenzake. Akiona watu wanahama, anatoa alichokificha. Mwaka huu Bagalu walianza vizuri, kiongozi wao ana sauti inayofika mpaka barabarani, na nyimbo zake zilikuwa za kuwasema waliouza chakula chote ghalani wakasahau watoto. Watu wakamiminika. Bagika wakajibu kwa bugobogobo, ngoma ya majembe. Hii ilizaliwa shambani, watu walipolima kwa pamoja huku ngoma ikiwapigia mwendo, na mpaka leo wanacheza na jembe lenyewe mkononi. Kijana wa mbele alirusha jembe lake juu, likajizungusha hewani, akalidaka kwa mpini bila kuliangalia, akainama nalo na kulima hewa kwa mdundo, na njuga za miguuni zikalia mara moja kwa wote. Walipofanya vile kwa pamoja, mstari mzima, majembe yakapaa na kushuka sawa, ukasikia uwanja mzima ukiguna.

Umati ukahama. Na unapohama hautembei, unakimbia. Benchi langu lilisukumwa mpaka kwenye mkaa, mteja akanyanyuka na sahani yake mkononi akala huku anakimbilia duara la Bagika. Vumbi likatanda. Nilifunika samaki kwa sinia na mimi nikapanda juu ya kreti ya soda ili nione.

Bagalu hawakukubali. Wakaleta nyoka. Chatu mzito, kijana kamvaa shingoni, anazunguka naye taratibu huku ngoma imeshushwa chini. Kuna chama kizima cha wachezaji wa nyoka, Bayeye, ambao pia wanajulikana kwa dawa za kutibu aliyeumwa. Watoto walipiga kelele, wakina mama wakarudi nyuma, na dakika ile ile wakasogea tena mbele. Ukiwa hapo fuata anachokwambia mchezaji, usinyooshe mkono, usimsogezee nyoka simu usoni. Ukitaka picha, omba. Ukifurahi, mtunze mchezaji, ingia na noti yako umpe mbele za watu. Hiyo ndiyo heshima yake.

Ninachowaomba wateja wangu ni hiki. Msisimame getini mkitazama kwa mbali halafu mwondoke na video ya nusu dakika. Ingieni kwenye duara. Anayesimama katikati ya pande mbili hajamnyima mtu pesa, amemnyima mtu umati, na kijana aliyefanya mazoezi tangu mavuno hana malipo makubwa kuliko umati huo. Chagueni upande, na mkiona upande wa pili umewazidi, hameni. Hakuna atakayewaita wasaliti. Kuhama ndiko kunakomlazimisha manju atunge wimbo mpya na kijana arushe jembe juu zaidi.

Saa 10 jioni

Katikati ya pambano muuza vinywaji mmoja aliwasha spika, singeli kwa sauti kubwa kabisa. Nilimwona manju wa Bagika akigeuka. Sauti ya binadamu na ngoma ya ngozi haziwezi kushindana na spika, na wale watoto waliokuwa wakijifunza hatua pembeni ya duara walikimbilia kwenye singeli papo hapo. Mimi naipenda singeli, napika nayo Igoma kila siku. Lakini ukiiwasha pale, umeingia kwenye mashindano bila kucheza.

Nikaenda kwake. "Mdogo wangu, nakuomba uzime mpaka wamalize."

"Dada, na mimi natafuta wateja."

"Wateja wako wameletwa na ngoma. Wakiondoka wale, utamuuzia nani?"

Akafikiri, akazima. Baadaye tulikaa wote wa mstari wa chakula na kukubaliana kwamba kesho yake na siku zilizobaki hakuna spika wakati wa mashindano. Mama wa maandazi alitaka iandikwe kwenye karatasi, ikaandikwa, tukaibandika kwenye mti.

Saa 12 jioni

Bagika walichukua siku ile, kwa umati uliokuwa umefunga njia ya kupita. Nilishangilia kwa ajili ya baba yangu. Bibi wa Magu alisema nyoka alitolewa mapema mno, manju angesubiri jua lipungue, na nadhani yuko sahihi. Makundi madogo yaliendelea, wengine wakiimba wigaashe wameketi kwenye mistari wakiyumba pamoja, na kwa wanaotaka kusikiliza maneno ya nyimbo huo ndio wakati mzuri, watu wamepungua na vumbi limetulia.

Saa 2 usiku

Samaki wamekwisha, nsansa ilikwisha mapema zaidi. Tunamwagia majivu maji, tunahesabu sahani, tunapakia. Binamu analala ndani ya kirikuu kabla hatujafika barabara kuu.

Bulabo ikiisha, kiangazi hakijaisha. Julai 7 kuna Saba Saba, na Agosti 8 ni Nane Nane, ambayo hapa Mwanza tunaifanyia viwanja vya Nyamhongolo, na mimi nitakuwa huko na karai langu. Huko vikundi vya ngoma huwa vinaalikwa, ila mara nyingi vinacheza dakika chache, mbele ya jukwaa, vikisindikizwa na maikrofoni inayotangaza bidhaa. Mwaka huu nimeamua kupeleka ombi kwa waandaaji kabla ya Agosti: kipande cha uwanja kisicho na spika, makundi mawili, maduara mawili, mchana kutwa. Mama wa maandazi amekubali kusaini. Anayetaka kusaini naye, kibanda kiko Igoma, kuanzia saa 1 asubuhi kuna chai.