Sikutia pilipili hata moja, na bado mgeni akaungua

Mara ya kwanza shemeji alipokuja na mama yake niliambiwa mapema: mama hali pilipili. Nikapika mchuzi wa kuku, pilipili sikuigusa. Tonge la pili tu, mama akashika mdomo na kuomba maji. Akanywa glasi nzima, wapi, moto ukazidi kusambaa.

"Mwanangu, si umesema hujaweka?"

Nikaapa. Walipoondoka nikafungua kabati. Kopo la viungo vya mchanganyiko lilikuwa limeandikwa ubavuni, herufi ndogo kabisa: pilipili. Nilikuwa nimeongeza pilipili manga kijiko kizima, na tangawizi ya unga, ambayo huwasha kuliko mbichi. Kibao nacho ndicho nilichokatia pilipili jana yake, nikakisuuza kwa maji tu. Ulimi wangu uliozoea ukali haukuona lolote.

Kosa jingine lilikuwa yale maji. Kapsaisini, kinachofanya pilipili iwashe, haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ningempa maziwa.

Safari ya pili nikaogopa kupita kiasi. Kuku nilimchemsha na chumvi, basi. Wakala kwa adabu, wakashukuru kwa adabu, sufuria ikabaki imejaa. Kile kilikuwa chakula cha mgonjwa, na wageni wangu walikuwa wazima.

Safari ya tatu nilianzia kwenye vitunguu. Vinne vikubwa, vimekatwa vyembamba, moto mdogo, karibu dakika 40. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Kwanza kitunguu kinapiga kelele kwa sababu ya maji yake, kisha kinanyamaza, kinaanza kushika chini. Kikishika, namwagia maji kidogo nakwangua na mwiko, narudia hivyo mpaka kiwe rangi ya asali. Utamu unaotoka hapo hakuna kopo litakalokupa. Kitunguu saumu nilikiacha mzimamzima kwenye mafuta hadi kikalainika, nikakiponda. Kikiiva hivyo ule ukali wake wote unakwisha. Nyanya zikafuata mpaka mafuta yakajitenga juu. Kijiti cha mdalasini, iliki tatu, mbegu za giligilani nilizozikaanga kavu na kuzitwanga mwenyewe. Tangawizi mbichi, kipande kidogo, niliitia mapema, maana ikiiva hupoa.

Bado mchuzi ulikuwa kama umelala. Nilipokamulia nusu limau baada ya kuepua, ukaamka. Nadhani tuliozoea pilipili tunatafuta kitu cha kuushtua ulimi, na uchachu wa limau unaifanya kazi hiyo bila kumchoma mtu.

Kuonja sikujiamini tena. Nilimwita mwanangu mdogo, ambaye pilipili hajaizoea. Akalamba kijiko, akasubiri kidogo, akaomba kingine. Ndipo nikatenga kibakuli cha pilipili ya kukaanga kwa ajili yetu wengine, kikiwa na kijiko chake, na nikaonya kijiko hicho kisiguse sufuria.

Mezani mama alikisogeza kile kibakuli mbali naye kwa kidole kimoja. Shemeji akajimwagia vijiko viwili. Mama akamtazama, akatikisa kichwa, halafu akanyoosha sahani yake niongeze mchuzi.

"Ule wa chini," akasema, "wenye vitunguu."