Kikombe cha ndizi ni gramu ngapi?

Wiki iliyopita nimetupa keki mbili za ndizi, tena za oda, za kipaimara cha mtoto wa jirani, roho iliniuma sana jamani. Juu zimeiva vizuri, rangi nzuri, ukikata tu katikati mbichi, pamelowa na pamebonyea. Nikajua oveni hiyo, nikapunguza moto, ya tatu ikatoka vilevile.

Shida ilikuwa kikombe. Resipi ni ya Kimarekani, imesema vikombe viwili vya ndizi zilizokatwa, ndo uje uziponde. Mimi nikaponda kwanza halafu nikajaza vikombe viwili, nikiona ndizi si ni zilezile. Usiku nikatoa mzani, nikaweka kikombe juu, nikaurudisha sifuri, nikajaza slesi za ndizi, gramu 150. Nikazimwaga kwenye bakuli, nikaongeza ndizi nyingine, nikaziponda zote na uma hadi zikawa uji, nikachota kujaza kikombe kilekile mpaka mdomoni, gramu 225! Yaani kwa vikombe viwili nilizidisha gramu 150 za ndizi, na ndizi robo tatu yake ni maji, sasa unga uleule utayanyonyaje maji yote hayo?

Vipande havishikani, katikati kunabaki hewa, ukiponda hewa inatoka na tunda lingine linaingia. Ijumaa usiku nikaoka upya kwa gramu 300 kamili, nikachoma kijiti katikati, kikatoka kikavu.

Na kikombe chenyewe kiwe cha kupimia, cha Kimarekani ni kama mili 240, Australia wanatumia 250, changu cha chai hapa nyumbani kinaingia 300 kabisa. Kwa kile cha Kimarekani, jedwali la vyakula la wizara yao ya kilimo linasema embe la vipande ni gramu 165, nanasi la vipande 165 pia, papai la vipande 145 ila likipondwa linafika 230, ujiuji wa pasheni 236 ambayo ni kama maji tu. Zabibu kavu ukizimimina ni 145, ukizishindilia 165. Mimi nimeziandika kwa maka pen kwenye karatasi, nimebandika ndani ya mlango wa kabati.

Kwenye jam sasa ndo naomba mnisikilize, achaneni kabisa na kikombe. Mtu anakwambia embe kikombe sukari kikombe, unaona ni sawa kwa sawa, wakati kikombe cha sukari ni gramu 200 na cha embe ni 165, kwa hiyo ukipika vikombe vitatu vitatu sukari imeshazidi embe kwa gramu 100 na ushei, ndo ile jam inakuwa tamu mpaka koo linakereketa na embe hulisikii. Halafu sokoni tunanunua kwa fungu, sio kwa kilo, kwa hiyo pima ukishamenya na kutoa kokwa. Fungu langu la leo dodo tatu, na maganda yake kilo 1.3, nyama tupu imebaki gramu 850. Nimeweka sukari gramu 500 na maji ya limao moja, ipo jikoni inachemka taratibu, naandika huku nakoroga, na harufu ya embe imejaa mpaka sebuleni.