Kahawa ya Kasrini, Chai ya Kichochoroni

Januari 2007, Beijing, baridi ya kukata masikio. Mji mzima ulikuwa ukilisema duka la Starbucks, kampuni ya kahawa ya Kimarekani, lililokuwamo ndani ya kasri la wafalme wa zamani. Rui Chenggang, mtangazaji wa televisheni ya taifa, alikuwa ameandika kuwa duka lile ni kuudharau utamaduni wa Wachina. Nikakata tiketi nikalione kabla halijaondolewa.

Nililipita mara mbili. Kibao cha nje kilikwisha shushwa tangu 2005, na lenyewe lilikuwa limejibanza katika vyumba vya pembeni karibu na Lango la Qianqing, mahali mawaziri wa wafalme walipokuwa wakingoja. Kahawa ya maziwa, kikombe cha karatasi, basi.

Julai likafungwa. Kasri lilitaka vinywaji viuzwe kwa jina lake, kampuni ikakataa, ikahama. Baadaye kahawa ikauzwa mle mle, kwa jina la kasri. Ugomvi, kwa maoni yangu, ulikuwa wa jina. Kinywaji hakikuwa na kosa.

Urithi niliukuta jioni ya siku ileile ya Januari, kwenye mgahawa wa chai kichochoroni. Nililetewa gaiwan: bakuli dogo lisilo na mkono, kifuniko na kisahani. Nikalikamata bakuli kama bilauri, nikaungua vidole. Mzee wa meza ya jirani akaguna, akavuta kiti.

Kinachoshikwa ni kisahani, akanionyesha, ndiyo kazi yake. Majani ya chai ya asumini ni gramu 3 hivi, kama kijiko kimoja cha chai. Maji yakishachemka huachwa yapoe kidogo, yafike nyuzi 90, kwa kuwa chai hii kwa kawaida ni ya kijani na maji yanayotokota huitia uchungu. Usijaze hadi ukingoni: mdomo wa bakuli umepanuka makusudi ili ubaki mkavu na wa kushikika. Funika dakika moja au mbili. Kisha kwa kifuniko sukuma majani nyuma, kiinamishe kiache upenyo mwembamba, unywe hapo. Ukimaliza yote umeharibu. Bakiza theluthi ndipo uongeze maji, la sivyo mkupuo wa pili huwa maji matupu.

Mkupuo wa tatu ulikuwa umepauka, lakini asumini ilikuwa bado inanukia kwenye kifuniko. Mzee alikinusa, akanipa nami ninuse.