Perkloroetileni na koti langu la sufu

Ndani ya koti langu la sufu, ambalo hapa Lubumbashi hulivaa Juni na Julai wakati baridi ya asubuhi inapouma, pameshonwa kitambaa kidogo chenye alama ya duara na herufi P katikati yake. Alama hiyo humjulisha mwenye presingi, yaani duka la kusafisha nguo kwa dawa badala ya maji, kwamba koti hili haliharibiwi na perkloroetileni, kimiminiko ambacho wengi wetu tumewahi kukinusa bila kukijua, kwa kuwa ndicho chanzo cha ile harufu tamutamu inayotoka katika mfuko wa nailoni tunaokabidhiwa nguo zikiwa tayari.

Molekuli yake ina atomi 2 za kaboni na 4 za klorini, wala haina hidrojeni hata kidogo. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliitengeneza mwaka 1821, lakini ilichukua muda mrefu kabla wafua nguo hawajaipokea. Kabla yake walitumia benzini na jamii zake, ambazo huondoa mafuta vizuri ila huwaka upesi mno, na moto katika maduka yao ulikuwa hatari ya kila siku. Perkloroetileni haiwaki, huyeyusha mafuta na nta, na haiingii ndani ya nyuzi za sufu kama yafanyavyo maji, hata zikavimba, zikashikana na koti likasinyaa. Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 121, mashine huichemsha baada ya kazi, hupoza mvuke wake na kuipata tena ikiwa safi, huku uchafu ukibaki chini kama tope zito. Jasho na soda, hata hivyo, haiyawezi yenyewe, kwani chumvi na sukari huyeyuka katika maji. Fundi mzuri hulishughulikia doa la namna hiyo kwa maji kidogo na sabuni kabla nguo haijaingia mashineni.

Lile tope ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu bado lina perkloroetileni ndani yake. Lita 1 ya dawa hii ina uzito wa kilo 1.6 hivi, kwa hiyo, tofauti na mazuti yanayoelea ambapo kila mtu huyaona, yenyewe huzama chini ya maji, hupenya udongo, na yaweza kukaa huko miaka mingi ikiyeyuka kidogo kidogo. Katika mji ambao familia nyingi huchota maji ya visima uani, tope la presingi halifai kabisa kumwagwa mtaroni.

Mvuke wake huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, na anayeuvuta zaidi ni mfanyakazi wa presingi, si mteja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Marekani ilitoa kanuni Desemba 2024 ya kuiondoa katika usafishaji wa nguo ndani ya miaka 10.

Mimi bado hupeleka koti hilo presingi, kisha hulitoa mfukoni na kulianika barazani siku nzima kabla ya kuliingiza kabatini. Mashati ya pamba na vitenge hufuliwa nyumbani kwa maji na sabuni, na nikinunua koti jingine nitatafuta lenye herufi W, ambalo fundi anaweza kulisafisha kwa maji.