Keria za Masasi zilivyovuka Ruvuma

Mzigo wangu wa kwanza kwenda Msumbiji karibu wote ulirudi. Ilikuwa msimu wa korosho wa 2022, hela iko mikononi mwa watu pande zote mbili za Mto Ruvuma, nami nina duka la spea za pikipiki hapa Masasi. Nikaona wakati ndio huu. Nikajaza maboksi ya spea za Boxer, maana kwenye vijiwe vyetu hiyo ndiyo imetawala, nikakodi gari mpaka Mtambaswala na kuvuka Daraja la Umoja. Mnunuzi niliyeunganishwa naye kwa simu, Mmakua wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, alifungua boksi la kwanza, akatoa cheni ya taimingi, akaigeuza mara mbili, akanirudishia mkononi.

"Dada, mota zetu hazina kitu hiki."

Alisema kweli. Pikipiki nyingi anazozihudumia ni za Kichina zenye injini ya muundo wa CG 125, ile ambayo valvu zake zinasukumwa na fimbo kutoka chini. Boxer kamshafti yake, ule mhimili unaofungua valvu, iko juu, inazungushwa na cheni. Hata tairi hazifanani: za kwangu zilikuwa za ringi 17, wao wengi wanatembelea 18. Alichukua plagi na tyubu chache kwa kunihurumia, nadhani, nikarudi na maboksi yangu hadi upande wa kwetu.

Sikwenda Masasi siku hiyo. Nililala Mtambaswala, asubuhi nikanunua daftari, nikakaa karibu na njia ya darajani siku mbili nzima. Kila pikipiki yenye namba za Msumbiji niliiandika: aina, saizi ya tairi, imebeba nini, kipi kimefungwa kwa waya au mpira. Ukurasa wa CG ulijaa nikahamia mwingine, wa Boxer ulibaki na mistari michache. Kazi hiyo ningeifanya kabla ya kununua hata boliti moja, hasara ile isingenipata.

Daftari ndilo lililonionyesha keria, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Karibu kila pikipiki ilikuwa na gunia, madumu au tenga nyuma, na keria zenyewe zilikuwa nyembamba, zimepasuka palepale penye weldi, zimeungwa kwa vipande vya tyubu. Sisi Masasi keria nzito ndiyo kazi yetu. Mkulima wa huku anabeba gunia la korosho kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi kwenye njia ya mchanga, na fundi wangu amekuwa akichomelea keria za namna hiyo kwa miaka. Nilikuwa nimepeleka ng'ambo kitu ambacho kila mtu anaweza kukiagiza, nikaacha nyumbani kile tunachokitengeneza wenyewe.

Nilipima kwa tepu, nikampigia fundi simu nikamtajia vipimo. Alitengeneza mbili za majaribio. Zote zilikataa kukaa, tundu lilipishana na boliti ya shokapu kwa upana wa kidole. Akasema, "Mama, vipimo vya mdomo sivitaki tena." Akakata ubao wa plaiwudi, akatoboa matundu kwa makisio, akanipa pamoja na msumari na kalamu ya alama. Niliuvusha ubao ule, tukauweka juu ya mota ya yule mnunuzi, mmoja ameshika tochi ya simu, mwingine anachora duara jipya pale boliti ilipoangukia. Keria iliyofuata iliingia kama imezaliwa nayo. Alipanda juu yake na miguu yote miwili, akaruka, akateremka akainama kuangalia weldi. Hapohapo akaagiza 12.

Karatasi zilinitesa kuliko chuma. Wenzangu wanaopeleka mizigo Kenya na Uganda walinishauri nitumie cheti rahisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye Ruvuma hakifanyi kazi, Msumbiji si mwanachama. Tunachoshirikiana nao ni SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo eneo lake la biashara huria lilianza 2008, na unafuu wa ushuru unaupata ukiwa na cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC. Mimi nilianzia TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, nikiwa na TIN, leseni na ankara.

Neno lenyewe ni uasili, yaani bidhaa imetengenezwa wapi. Cheni iliyotoka India ikapitia Kariakoo ikafika dukani kwangu haigeuki kuwa ya Tanzania. Keria ni habari nyingine. Hata kama bomba lilitoka mbali, nilivyoelezwa, linaingia kwenye karakana likiwa chuma na kutoka likiwa kifaa cha pikipiki, kwa hiyo fungu lake la forodha, ile namba ya kundi la bidhaa, limebadilika. Ndiyo maana natunza risiti zote za bomba na vijiti vya kuchomelea.

Wakala wangu wa kwanza wa forodha hakunieleza hata moja ya haya. Aliandika mzigo wote kwa mstari mmoja, "spea za pikipiki", akaufunika kwa cheti kimoja. Ofisa wa ng'ambo alifungua, akagusa boksi la cheni kwa kidole pale palipoandikwa India, akafunga kitabu chake. Mzigo ulikaa siku nne, nami nililala kwenye benchi nikiulinda. Nilibadilisha wakala. Sasa ankara inatenganisha kila kitu: keria fungu 8714, cheni 7315, tairi 4011. Cheti kinataja keria peke yake. Cheni na tairi zinalipiwa ushuru wake kamili, na bei yake naipanga nikijua hivyo tangu mwanzo.

Ankara naiandika pia kwa Kireno. Kiswahili na Kimakua vinatosha kabisa kupatana bei, ila karatasi zao ni za Kireno, na neno moja likikosewa unaanza upya. Binti yangu aliniandikia orodha iko ukutani dukani: cheni ni corrente, tairi ni pneu, plagi ni vela, klachi ni embraiagem, breki ni travão. Malipo tunapatana kwa shilingi kabla mzigo haujaondoka Masasi, kwa sababu niliwahi kupokea meticali, hela za Msumbiji, nikazibadilisha siku mbaya, faida ikaishia kwa mbadilishaji.

Sijafika Mueda wala Montepuez, miji ya Cabo Delgado, ingawa najua soko liko huko zaidi. Tangu mashambulizi yaanze Cabo Delgado Oktoba 2017, sivuki bila kumpigia mnunuzi kumuuliza njia ikoje, na akisema subiri, nasubiri. Watu wangu wawili wanaopakia wana watoto.

Wiki hii fundi ana oda ya keria 40. Mnunuzi ametuma ujumbe wa sauti akitaka ndoano mbili pembeni za kufungia madumu. Ule ubao wa plaiwudi umening'inia juu ya jenereta, una matundu tisa sasa, mengine yamezungushiwa rangi nyekundu yasitumike, na jana fundi aliushusha akauliza ndoano zikae upande gani wa shokapu.